Tulivyolijaribu gari dogo la kifahari kwenye tope la Kharumwa, bibi harusi akiwa ndani

Wakuu, heshima kwenu. Mnaostahili shikamoo ipokeeni, wadogo zangu poleni na mihangaiko.

Jukwaa hili la magari nimelisoma kimya kimya kwa muda mrefu. Nimeona mnavyokosana kwa ajili ya gia boksi za watu wengine. Leo na mimi naleta langu.

Ni kweli tupu. Mume wangu amelisoma kabla sijalibandika, akasema lote ni sawa isipokuwa sehemu moja inayomhusu yeye. Sehemu hiyo nimeiacha kama ilivyo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mama wa arobaini na kidogo, naishi Kahama, nauza vifaa vya wachimbaji wadogo: pampu, mipira ya kuvutia maji, kamba, buti, makarai, magunia. Duka kubwa lipo hapa Kahama, dogo lipo Kharumwa, kule Nyang'hwale, na kila wiki lazima nifike kuliangalia.

Usafiri wangu ni kirikuu. Kwa asiyekijua, ni kale kapikapu kadogo ka mizigo ambako dereva anakaa juu ya injini na magoti yanasalimiana na usukani.

Kirikuu kimenilisha, sikitukani. Ila barabara ya kwenda Kharumwa mgongo wangu umeikariri shimo kwa shimo. Nikifika, nashuka na kusimama kwanza nimeshika mlango, kama mzazi wa jana. Wateja wamezoea. Wananiacha nipumue ndipo wanasalimia.

Basi nikaamua: mizigo iendelee kwenda na kirikuu na dereva wake, mimi mwenyewe nitafute gari la kukalia.

Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani ulipoanza.

Baba Nkwimba, mume wangu, ni mwalimu wa fizikia sekondari. Kwake yeye gari ni Mjapani, basi. Tena Mjapani mkubwa, mrefu, wa zamani, anayenguruma. Hoja zake mnazijua, maana nusu amezitoa humu: spea kila duka, fundi yeyote mwenye spana mbili anatengeneza, na siku ya kuuza haliozi.

Mimi nilikuwa nimemuona Muingereza mmoja mdogo. Jina silitaji, wajuzi mtalijua. Dogo kwa nje, ndani kama sebule ya balozi. Viti vya ngozi, paa la kioo, four-wheel, na pale katikati kuna vitufe vyenye picha: barabara, theluji, matope, mchanga.

"Theluji Kahama utaipata wapi?" Baba Nkwimba akaniuliza mezani. "Kwenye friji?"

"Matope je?"

"Hilo ni gari la kupeleka watu saluni. Vitufe ni mapambo."

Kwa haki nikubali, hoja zake zilinisumbua. Nilikaa na simu usiku na mchana nikilinganisha. Ground clearance yake ni ndogo kuliko ya Mjapani wake. Matairi ni low profile, ubavu wake mwembamba kama chapati ya mgahawani. Tairi la akiba ni lile jembamba la dharura. Na likipata homa, fundi lazima awe na kompyuta, maana yake Mwanza.

Upande wa pili kulikuwa na mgongo wangu. Na jambo jingine ambalo wanaume humu hamlisemi: mimi ni mfupi. Hilo lijapani lake kulipanda natakiwa niweke stuli.

Tukabishana mpaka Nkwimba, binti yetu, akaomba awe anakula chumbani kwake.

Sasa, kuna bwana anaitwa Seleman. Mtu wa Tanga, anafanya kazi ya kupitisha mizigo kule bandari kavu ya Isaka. Alikuwa analo gari hilo hilo, na nikasikia analiuza.

Tulipokwenda Isaka kuliona, nilidhani ni jipya. Analifunika turubai mchana kweupe. Kabla hatujakaa alitutandikia kitambaa kwenye viti, na mfukoni alikuwa na kingine cha kupangusa dashibodi kila ukiigusa.

"Kaka, mbona unaliuza?" nikamuuliza.

"Mama watoto yuko Tanga, ananisema kila siku. Ati nina gari halina kazi. Nalipeleka ofisini, nalipeleka msikitini Ijumaa, nalirudisha chini ya turubai. Labda ni kweli. Limekuwa kama saa ya ukutani."

Tukapatana bei kwa masharti. Sharti langu lilikuwa kwamba sinunui mpaka nilifanyie test drive kwenye barabara yangu, siyo kwenye lami yake. Sharti lake lilikuwa kwamba aje na sisi, na mtu asile ndani.

Baba Nkwimba naye akasema anakuja. Nikamuuliza kufanya nini. Akasema, "Kushuhudia."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, mvua imepiga usiku kucha. Seleman akatupitia Kahama asubuhi. Yeye anaendesha kwanza, Baba Nkwimba mbele pembeni yake, mimi nyuma.

Inayofuata ndiyo ile sehemu.

Tulipokuwa bado kwenye kipande cha lami, Baba Nkwimba aliinama kutafuta pa kuweka chupa yake ya maji, mkono ukagusa huku na kule. Tukaendelea na safari. AC inapuliza, mimi huko nyuma nimejifunika mtandio. Baada ya muda namwona mwenzangu jasho linamtiririka shingoni. Anajipangusa na leso. Anafungua kifungo cha shati.

"Baba Nkwimba, vipi?"

"Nadhani ni malaria," alisema kwa sauti ya chini. "Ila hii ni ya ajabu. Naisikia inapandia kiunoni."

Seleman akatupia jicho kwenye vitufe. "Mwalimu, umewasha jiko la kiti."

Wakuu, gari lile linapasha moto makalio. Kwao kuna baridi, siwalaumu. Lakini kumwona mwalimu wa fizikia ameketi juu ya jiko akijihesabia siku za kuishi, nilicheka mpaka mtandio ukanidondoka. Yeye anasisitiza kwamba alijua tangu mwanzo, alikuwa anapima tu. Haya, someni mwamue.

Tulipoacha lami nikashika usukani.

Niseme ukweli kama nilivyoahidi. Kwenye ile barabara yenye mikunjo kama ubao wa kufulia, gari lilikuwa tamu. Kirikuu kinapoitika kila mkunjo, hili linanyamaza. Lakini kwenye mashimo yenye kingo kali, yale matairi membamba yalikuwa yanagonga "ko", na kila "ko" Seleman alikuwa anavuta pumzi kama amedungwa sindano.

"Taratibu, dada yangu."

"Kaka, hii ndiyo barabara yangu."

"Najua. Taratibu tu."

Tukaenda hivyo mpaka tukafika mahali pa mbuga, ule udongo mweusi ambao ukikauka ni tofali na ukilowa ni gundi. Mbele yetu Fuso la mpunga limezama katikati ya barabara, limeinama ubavu. Pembeni yake kulikuwa na Noah iliyojaribu kulizunguka, nayo imezama mpaka milangoni. Noah yenyewe ina maua na riboni.

Watu wengi wamesimama na nguo za sherehe, suruali zimekunjwa magotini.

Seleman akasema, "Basi, tumeona. Turudi."

Kabla sijajibu nikasikia naitwa. Alikuwa Mama Kabula, mteja wangu wa siku nyingi. Ana kikundi cha akina mama wanaochekecha mchanga wa dhahabu, makarai yao yote wananunua kwangu. Kitenge kipya, miguu imevaa soksi za tope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mungu amekuleta." Akanishika mkono dirishani, akawa hauachii. "Kabula anaolewa leo. Mchungaji ana ndoa nyingine mchana, kijiji cha mbali. Akitukosa anaondoka. Na ndugu wa bwana harusi wametoka Mhunze tangu jana, wameshaanza kusema binti amekimbia. Ng'ombe wameshatoa, mayo, mama yangu. Hii aibu nitaiweka wapi?"

Nyuma yake amesimama Kabula mwenyewe. Shela jeupe juu, chini upindo wote mweusi. Halii. Amekaza tu midomo, kama mtu anayejizuia.

Njia ilikuwepo moja. Ni kale kanjia ka ng'ombe kanakopita kando ya majaruba ya mpunga, kanakwenda kutokea ng'ambo ya mbuga. Pikipiki zilikuwa zimejaribu, zikarudi.

Nikamgeukia Seleman. "Kaka, gari ni lako. Ukikataa sitakulaumu."

Akatazama lile shela. Akatazama viti vyake, ngozi yenye rangi ya maziwa. Akatazama tena shela. Namwonea huruma mpaka leo nikiikumbuka ile sura.

"Kwetu Tanga," alisema, "bibi harusi akikuomba njia ukamnyima, watakuhadithia mpaka ufe. Waingie. Ila wavue viatu."

Kabula akainua gauni kidogo. "Sina, baba. Vimebaki kwenye tope."

Wakaingia watatu nyuma: bibi harusi, mama yake na msimamizi wake. Seleman mbele. Baba Nkwimba akavua viatu, akakunja suruali, akatafuta fimbo ya kupimia njia. Hakuna aliyemtuma.

Nikamuuliza Seleman, "Hiki kitufe cha matope kinafanyaje?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijawahi kukibonyeza, dada. Isaka nakaa kwenye lami. Tope nitalitoa wapi?"

Baba Nkwimba akarudi dirishani, akafungua kile kidroo cha mbele, akatoa kitabu cha gari kikiwa bado ndani ya nailoni yake. Akasimama kwenye tope, akasoma kwa sauti ya darasani: bonyeza, subiri taa iwake, mafuta polepole na kwa usawa, usikanyage breki ghafla. Kisha akatangulia mbele na fimbo yake.

Nikabonyeza. Nikakanyaga mafuta.

Mwanzo liliteleza kwenda kushoto, kwenye maji ya mpunga, na moyo wangu ukaenda nalo. Halafu chini nikasikia kama kuna kitu kinakamata na kuachia, kinakamata na kuachia. Tairi hili likikosa, nguvu inahamia lile. Likajinyoosha, likaendelea. Polepole, lakini linakwenda.

Katikati likasugua tumbo. Sauti ndefu, ya kukera. Seleman akafumba macho, akaanza kusoma dua. Nyuma Mama Kabula alikuwa ameshamwita Yesu zamani. Gari moja, dua za dini mbili, na wala hazikugombana.

Nikataka kusimama niangalie chini.

"Usisimame, mama," Kabula alisema nyuma yangu, sauti yake imetulia kabisa. "Nikifika nimechafuka ni sawa. Nikichelewa ndiyo aibu."

Sikusimama.

Kulikuwa na shimo moja ambalo Baba Nkwimba alilipima fimbo ikazama karibu yote. Akanipungia nizunguke juu, karibu na tuta la jaruba. Hapo gari liliinama upande mpaka bibi harusi akamlalia mama yake. Mjapani mrefu angepita katikati bila kuuliza, nalisema hilo wazi. Sisi tulizunguka. Lakini tulitoka.

Magurudumu yalipogusa udongo mgumu, nyuma kulipigwa kigelegele ambacho sijawahi kukisikia ndani ya chumba kidogo kama kile.

Seleman akafumbua macho. "Tumepita?"

"Tumepita, kaka."

Akageuka kutazama nyuma, kule tulikotoka.

Nafasi ya Baba Nkwimba haikuwepo tena, kwa hiyo mwalimu wangu aliingia kwenye buti, magoti kidevuni, kama mbuzi wa shughuli. Mnaoulizia ukubwa wa buti, huo ndio ukubwa wake: mwalimu mmoja wa wastani, aliyekunjwa.

Kanisani walikuwa wamesimama nje wote. Gari limekuwa jeusi mpaka madirishani, riboni hakuna. Watu wa Mhunze wakalitazama kama wanaotazama kitu kilichotoka ardhini. Ndipo mlango ukafunguliwa, Kabula akashuka peku. Bwana harusi akaja mbio, akasahau alivyofundishwa namna ya kutembea.

Mchungaji alikuwa ameshika begi lake tayari. Akaliweka chini.

Mimi nilikuwa namwangalia Seleman. Alitoa kile kitambaa chake mfukoni, akasogea kwenye boneti. Akasimama. Akalitazama tope. Akakikunja kitambaa, akakirudisha mfukoni.

Kwenye sherehe tulipelekwa meza ya mbele kama ndugu. Mwenyeji akamhakikishia Seleman kwamba ng'ombe amechinjwa na Mwislamu wa pale pale, basi pilau likaliwa. Wazee walikuja mmoja mmoja kumpa mkono. "Wabeja sana," wanamshukuru, yeye anaitikia kwa Kitanga chake. Kila aliyetaka kupiga picha alitaka gari liwepo nyuma, na Seleman alisimama pembeni yake kama baba wa bibi harusi.

Kurudi, alichukua usukani yeye.

Tulipofika mbugani, Fuso walikuwa wameshaanza kulipakua, na barabara kuu ungeweza kupenya kwa taabu. Seleman akaiacha. Akaingia kwenye kanjia ka ng'ombe kwa hiari yake, akabonyeza kitufe, akapita. Upande wa pili akageuza.

"Unakwenda wapi?" Baba Nkwimba akauliza.

"Ile kona ya jaruba sijaridhika nayo."

Akarudi, akapita tena. Nikaanza kupata wasiwasi.

Tukafika Kahama alasiri. Mbele ya nyumba yangu nikamwambia, "Kaka Seleman, mimi nimeridhika. Tumalizane."

Aliushika usukani kwa mikono miwili.

"Dada yangu, unisamehe. Siuzi."

Nilidhani sikusikia. "Tumepatana."

"Tumepatana, na mimi ndiye nimevunja, kosa ni langu. Lakini hebu fikiri. Miaka yote hii nalipangusa tu, sijui linafanya nini. Leo ndiyo nimelijua. Sasa nimelijua leo, nikuuzie leo?"

Nilishuka. Niliumia, wakuu, siwezi kuficha. Niliingia ndani, nikakaa jikoni na viatu vyangu vya tope. Nilikuwa nimeshajiona ndani ya kile kiti kila Alhamisi, nafika Kharumwa nashuka kama mtu.

Baba Nkwimba akaja akaketi pembeni yangu. Nikasubiri aseme la Mjapani wake. Ndiyo ilikuwa nafasi yake.

"Pale kwenye tuta," alisema, "gari lilipoinama, nilijua linalala. Nikatupa fimbo nije kulishika. Kama mjinga, gari lile nilishike na mikono."

"Sikukuona."

"Ulikuwa unaendesha." Akavitazama viatu vyangu vya tope. "Hukupepesa. Gari la aina ile ndilo lako, Mama Nkwimba. Tutatafuta jingine."

Kuanzia hapo simu yake ndiyo iliyojaa picha za magari. Wiki kadhaa baadaye akalipata Mwanza. Kampuni ile ile, rangi ya kijivu, la zamani kidogo kuliko la Seleman. Safari hii tulilipeleka kwa fundi wa kompyuta kabla ya kuzungumza lolote, na barabarani nilikaa kimya kabisa mbele ya mwenye nalo. Akaniuliza naonaje. Nikasema, "Sio mbaya."

Tukalipia siku hiyo hiyo.

Najua mtaanza kuniuliza maswali huko chini, kwa hiyo nayajibu hapa hapa. Matairi nimebadilisha, nimeweka yenye ubavu mnene zaidi, maana siku ile moja la Seleman lilitoka uvimbe ubavuni. Tairi la akiba nimenunua kamili, buti imepungua, na Baba Nkwimba haingii tena. Ikiwa shughuli yako ni kubeba mawe au kuingia mashimo ya kiunoni, usinunue, chukua Mjapani mrefu na stuli. Ukiwa ni kama mimi, kilomita nyingi za vumbi na tope la msimu, nawe unataka kufika ukiwa na kiuno chako, litafikirie. Ila weka akiba ya fundi. Likinuna, linanuna kwelikweli.

Seleman hajambo. Hakai Isaka tena mwisho wa wiki. Juzi kanitumia picha akiwa mbuga za Kishapu, gari halionekani rangi. Mkewe kanipigia kutoka Tanga, kwa upole kabisa, kuniuliza nimemfanya nini mume wake.

Nilichojifunza ni viwili tu. Gari lijaribu kwenye njia yako, siyo kwenye njia ya anayeuza. Na likikufurahisha, furaha yako imeze mpaka umeshika kadi mkononi.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye gari la aina hii Kanda ya Ziwa aniambie anapata wapi fundi mwaminifu, na mwenye kunipinga anipinge bila kunitukania kiti. Wale wa chama cha Mjapani nanyi karibuni, mlikuwa na mwenyekiti wenu hapa nyumbani kwangu. Amejiuzulu, na leo asubuhi kaniomba funguo aende nalo shuleni.